Majina ya Nyumbani na Majina ya Kisimani

Wewe unayesoma haya, ni nani aliyekupa ruhusa ya kuwa mtu wa hapo ulipo? Usikimbilie kujibu. Kwingine nchini swali hilo ni la kuchekesha. Mtu huzaliwa, hupewa jina, na akifikisha miaka kumi na minane huenda kwa chifu akarudi na kipande, kitambulisho chake, mfukoni. Kwetu Modogashe, pale barabara ya Garissa inapokutana na ile ya Isiolo, mwaka wa tisini swali hilo liliwekewa meza, viti vitano na mhuri, na watu wazima wakasimama juani kutwa nzima wakingoja zamu ya kulijibu.

Mmoja wao aliitwa Rage Kerrow.

Rage alikuwa mchoma chapa. Alikuwa na miaka hamsini na miwili, mrefu, mkavu, na vidole vya mkono wake wa kulia vilikuwa vigumu kama kwato kwa kuzoea moto. Ngamia akilazwa na kufungwa miguu, Rage alimwekea goti shingoni, akachora mistari miwili kwa chuma chekundu, mara moja tu, bila kurudia, kwa kuwa chuma kikirudiwa ngozi huoza. Hakuna aliyemshinda kwa mkono huo kutoka Modogashe mpaka viungani mwa Garissa. Mistari miwili ilikuwa chapa ya watu wa Mahat, ukoo mkubwa wenye visima. Ngamia tisa wa Rage mwenyewe walikuwa nayo pia.

Lakini Rage hakuwa mtu wa Mahat.

Baba yake, Kerrow, alizaliwa katika watu wa Koricha, wafugaji wanaosema Kioromo waliokuwa wakihamahama upande wa Wajir. Kisha serikali ya Mwingereza ikachora mstari kwenye ramani na kusema: huku Wasomali, kule Waoromo, na mnyama atakayekutwa upande usio wake ni mali ya serikali. Kerrow hakuwa ameiona ramani hiyo. Alichoona ni askari wakiwaswaga ngamia wake arobaini kuelekea bomani, na mkalimani akimweleza kwamba amevuka.

"Nimevuka nini?" Kerrow aliuliza.

Mkalimani alitazama chini, na chini hapakuwa na kitu.

Mtu asiye na ngamia na asiye na upande alikuwa na njia moja. Kerrow alikwenda kwa mzee Mahat, akachinja fahali wake wa mwisho, na mbele ya watu akamtaja Mahat kuwa ndiye baba yake. Kisomali mtu wa namna hiyo huitwa *sheegad*, yaani aliyejitaja. Kuanzia siku hiyo Mahat alimlinda, akampa maji, akamtafutia mke. Tuseme haki: bila Mahat, Kerrow angekufa, na Rage asingezaliwa.

Hilo ndilo lililokuwa likisemwa kila mara. Watu wa Mahat walilisema kwa upole, walilisema kwa utani, walilisema harusini na msibani. Kwa hesabu ya ukoo, Rage na mzee Hamse, mjukuu wa Mahat aliyekuja kuwa mkuu wao, walikuwa watoto wa ndugu wawili. Kisimani, ngamia wa Hamse walinywa kwanza, na ngamia wa Rage walinywa mwisho, baada ya mbuzi. Fidia ya damu ikitakiwa, Rage alitoa sawa na wengine. Barazani alikaa nyuma na hakusema mpaka aulizwe, na hakuulizwa.

Na lilikuwapo jambo moja zaidi. Kijana yeyote wa Mahat, hata asiye na ndevu, aliweza kumsimamisha Rage ukingoni mwa kisima na kumwambia, "Haya, jihesabu." Naye Rage alilazimika kutaja majina ya mababu wa Mahat mmoja baada ya mwingine mpaka wa kumi na mbili. Akikosea, ngamia wake walirudi na kiu mpaka kesho. Kwa hiyo hakukosea. Aliyajua majina hayo kuliko wenye majina. Hamse, kwa upande wake, hakuwa amejihesabu mbele ya mtu tangu alipotoka chuoni kwa mwalimu wa Kurani. Nani angemuuliza?

Wataalamu huandika kwamba makoloni huasi kwa sababu ya kodi, ardhi na njaa. Waje wasimame kisimani hapo jioni moja tu, nyuma ya mbuzi.

Nyumbani, asubuhi wakati wa kukamua, Kerrow alimfundisha mwanawe majina mengine: Koricha, Dida, Halake, Boru, Jilo. Aliyasema kwa sauti ya chini, ubavu wa ngamia ukiwaficha. Pia alimchorea mchangani chapa ya Koricha, mwezi mwembamba na nukta moja, kisha akaifuta kwa kiganja. Kila nyumba ya watu wa Koricha waliojitaja kwa Mahat kama Kerrow ilifanya hivyo, nyumba kumi na moja kwa jumla. Majina ya kisimani yalikuwa ya kusema. Majina ya nyumbani yalikuwa ya kujua.

Mwaka wa sitini na mbili, tume ya Mwingereza ilikuja Garissa kuuliza watu wa kaskazini: Kenya itakapopata uhuru, mnataka kubaki ndani yake, au mnataka kujitenga na kuungana na Somalia? Rage alikuwa na miaka ishirini na minne. Alitembea siku sita pamoja na watu wa Mahat kwenda kutoa jibu, na njiani alijitayarishia maneno yake. Alitaka kusema kwamba hamchukii Mwingereza kwa ajili ya kipande cha kuvukia wilaya, wala kwa ajili ya mifugo aliyoinyang'anya. Anamchukia kwa sababu kila anapotaka kujua watu hawa wanataka nini, humuuliza mtu mwingine.

Walipofika, karibu na mto Tana, Hamse alimwekea mkono begani. "Pumzika, walaal, ndugu yangu. Sisi tutakusemea."

Hamse akasimama mbele ya tume na mkalimani, akanyoosha bakora yake, akasema, "Tumechoka kusemewa. Tuna midomo yetu." Alisema vizuri sana. Watu walipiga makofi mpaka askari wakasogea karibu. Rage naye alipiga makofi, na mikono yake ingali ikigongana alijiuliza anampigia nani.

Majibu ya watu yaliingia kwenye faili, na uhuru ukaja bila kuyafungua. Vikafuata vita, hali ya hatari, na vijiji vya kufungia watu. Rage alikaa ndani ya seng'enge miezi kumi na minne, akisikia ngamia wakipigwa risasi upande wa nje. Humo ndani mtu wa Mahat na mtu wa Koricha walichota maji katika pipa moja kwa zamu moja. Rage aliposimulia habari hiyo baadaye alikuwa akicheka: ndiyo mara pekee, alisema, aliyokunywa kwa haki.

Miaka ikapita, bendera ikapauka mlingotini, na hali ya hatari haikuondolewa. Kisha, mwaka wa tisini, meza ikaja.

Serikali ilitaka kujua Msomali yupi ni wa Kenya na yupi ametoka ng'ambo ya mpaka. Si Mluo, si Mkamba, si Mdigo. Msomali, na yeyote anayeishi kwa jina la Kisomali. Kila mtu mzima asimame mbele ya kamati, ataje mababu zake, na mzee wa ukoo wake athibitishe. Akithibitishwa hupewa kadi nyekundu iliyopauka. Asiyethibitishwa, fomu yake huwekwa chini ya jiwe, na lori lilikuwa limeegeshwa kando ya ua wa shule kwa ajili ya hao, limeelekea mpakani.

Rage asingejali sana kwa nafsi yake. Alikuwa na binti, Ikran, wa miaka kumi na tisa, mtoto wake pekee aliyebaki hai. Alikuwa amesoma Garissa kwa miaka sita, shule ya kulala hukohuko, na sasa alikuwa na barua ya kumwita chuo cha ualimu. Alitakiwa kuripoti Jumatatu. Bila kadi hakuna kipande, bila kipande hakuna chuo, na askari wa kizuizi asingemruhusu hata kupanda lori la mbuzi kwenda mjini. Siku hiyo ilikuwa Jumatano.

Mezani palikuwa na ofisa kijana aliyevaa miwani na kaunda suti, na wazee wanne wa koo mbalimbali, Hamse akiwa kati yao kwa niaba ya watu wa Mahat. Rage alijihesabu kwa Kisomali, mkalimani akiandika: Rage, Kerrow, Mahat, Keinan, Hirsi, Samatar, Guled, Abtidon, mpaka mwisho, kama maji yanayotiririka. Hamse akaitikia kwa kichwa. Ofisa akaweka fomu upande mzuri wa meza.

"Anayefuata. Jina?"

"Ikran Rage Kerrow." Alijibu kwa Kiswahili safi cha shule, na ofisa akainua uso kwa kupendezwa.

"Endelea juu."

"Koricha," alisema Ikran. "Dida. Halake. Boru. Jilo."

Kalamu ikasimama.

Hakuna mtu mwingine katika nchi hii ambaye angeweza kufanya kosa hilo. Ikran alikuwa amekua bwenini. Kisimani alikwenda wakati wa likizo tu, na msichana haambiwi ajihesabu ukingoni. Hilo ni la wanaume. Orodha aliyokuwa nayo kichwani ni ile aliyoipata kwa baba yake wakati wa kukamua. Tena shuleni alifundishwa kwamba mbele ya karatasi ya serikali mtu husema kweli. Akasema kweli.

"Huyu ni baba yako?" ofisa aliuliza.

"Ndiyo, bwana."

"Baba yako amesema babu yake ni Mahat. Wewe unasema ni Koricha. Mtu ana mababu wangapi wazaa baba?"

Mtu mmoja kwenye foleni alicheka, kisha akakohoa.

"Mmoja, bwana."

"Basi mmoja wenu ni mwongo, au mmoja wenu si wa hapa." Akamgeukia Hamse. "Mzee, huyu msichana ni wenu?"

Hamse alimtazama Ikran. Miaka sita kabla, yeye ndiye aliyempandisha kwenye lori la kwenda Garissa, akamfungia maziwa ya ngamia kwenye kibuyu, na kumwombea nafasi kwa mwalimu mkuu aliyekuwa rafiki yake. "Leo nimechoka," alisema kwa Kiswahili chake cha sokoni. "Mimi nitasema kesho."

Ofisa alichukua fomu mbili, ya baba na ya binti, akaziweka chini ya jiwe. "Kesho asubuhi mje na babu mmoja."

Baada ya sala ya alasiri, Rage alikwenda kwa Hamse. Alimkuta amekaa kwenye ngozi nje ya nyumba yake, akichokonoa meno kwa mswaki. Hamse alimkaribisha chai. Rage hakuigusa.

"Mmekuwa mkiwafundisha," Hamse alisema. "Miaka hamsini na sita mnakula kwetu, na ndani ya nyumba mnawafundisha watoto kwamba si watu wetu."

"Tunawafundisha babu yao ni nani."

"Ni kitu kimoja." Hamse alitema kipande cha mswaki. "Sikiliza, walaal, mimi sitaki ubaya. Kesho binti ataje Mahat. Asiseme kwa kunong'ona, aseme watu wasikie. Nami nitasema ni wetu, atakwenda chuo chake, atakuwa mwalimu, na sote tutajisifu kwa ajili yake."

"Na akikataa?"

"Basi mimi nitasema nini? Nitamwambia ofisa kwamba simjui Koricha. Na kweli simjui."

"Unamjua. Ulikula nyama ya fahali wa mwanawe ukiwa mtoto."

Hamse alicheka kidogo. "Ilikuwa ngumu, nyama ile."

Rage naye alitaka kucheka, na akajichukia kwa kutaka. Watu hao wawili walikuwa wamezeeka pamoja. "Hamse," alisema, "tupe jina letu. Sihitaji kisima kingine, sitaki mpaka. Sema tu kesho mbele ya yule kijana: hawa ni watu wa Koricha, wameishi nasi tangu babu zetu, ni wa hapa. Maneno hayo tu. Yatakugharimu nini?"

"Nyumba kumi na moja," Hamse alijibu haraka, kama mtu aliyekwisha kupiga hesabu hiyo. "Leo wewe, kesho binamu yako Warfa, keshokutwa wote. Mtataka zamu yenu ya maji. Mtataka mzee wenu kwenye meza hiyo. Serikali ikituuliza tuko wangapi, nitasema wangapi?"

"Kwa hiyo tunahesabiwa ili mwe wengi."

"Tuliwapa maji, Rage. Mlikuwa mmekufa."

"Mlitupa. Na kila siku tunayoyanywa mnatukumbusha." Rage alisimama. "Nilikuwa nimekaa nyuma yako siku ile Garissa. Ulimwambia Mwingereza kwamba umechoka kusemewa, kwamba una mdomo wako. Mwingereza alikujibu nini?"

Hamse aliurudisha mswaki mdomoni.

"Alikujibu kwamba amewajengea barabara," Rage alisema, akaondoka.

Nyumbani, jua likiwa bado halijazama, Ikran alikuwa akikunja nguo zake na kuzipanga katika sanduku la bati. Mama yake, Maka, alikaa mlangoni akipepeta mtama, na ungo ulipiga kwa hasira kuliko mtama ulivyohitaji.

"Aabo," Rage alianza. Kwetu mzazi humwita mtoto kwa neno lilelile analoitwa naye, kwa hiyo baba na binti wakizungumza kila mmoja ni aabo wa mwenzake. "Aabo, kuna majina nataka nikufundishe."

"Najua ni yapi."

"Ni ya dakika moja tu. Unayasema, unapewa kadi, unakwenda."

"Wewe uliyasema dakika ngapi, aabo?"

Maka aliacha kupepeta. "Mjibu," alimwambia mumewe. "Mimi nimekuwa nikitaka kujua pia." Kisha akamgeukia binti. "Na wewe, usijifanye mkali kuliko aliyekuzaa. Lile lori pale shuleni unaliona? Huko wanakokushusha nani anakujua? Hata hiyo lugha yao unaisema kama mzungu."

"Hooyo, mwalimu gani huyo ataanza kazi kwa uongo?"

"Yule mwenye kazi," alisema Maka.

Rage hakubishana. Alikaa chini na kuanza kuyataja, akijua hataitikiwa: Mahat, Keinan, Hirsi, Samatar, Guled, Abtidon. Ikran alimpa mgongo na kuendelea kukunja. Aliyarudia mara ya pili. Mara ya tatu sauti yake ilibadilika, maana alisikia nafsi yake mwenyewe ikiwa kijana, imesimama ukingoni na ngamia wenye kiu nyuma yake. Akanyamaza katikati.

"Sema unalotaka," alimwambia hatimaye. "Mimi kesho nitasema nilivyosema leo, au nitasema ulivyosema wewe. Lolote utakalosema, nitasema hilohilo. Kama ni lori, tutapanda pamoja."

Ikran alifunga sanduku. Maka aliuweka ungo kando.

Asubuhi ya Alhamisi foleni ilikuwa imefika barabarani. Karibu wote wa nyumba kumi na moja walikuwapo, wamesimama pamoja bila kupangana, binamu yake Rage, Warfa, akiwa mbele yao. Habari ilikuwa imeshaenea. Rage na Ikran waliitwa wasimame kando ya meza. Ofisa alitoa jiwe juu ya fomu zao, kisha akakumbuka jambo.

"Tungoje kidogo. Nimeambiwa kwamba wazee wa kamati nao wachukue kadi zao leo, kabla hatujaendelea." Akamgeukia Hamse aliyekuwa kiti cha kwanza. "Tuanze na wewe, mzee. Simama, ujitaje."

Hamse alidhani ni utani. "Mimi?"

"Kila mtu."

"Mimi ndiyo najua watu yote hii. Jana mimi nimesema watu mia mbili ni ya hapa."

"Na wewe ni wa hapa kwa neno la nani?" Ofisa hakusema kwa ubaya. Aliuliza kwa sababu fomu iliuliza. "Simama, mzee, foleni ni ndefu."

Hamse alisimama. Ilimchukua muda. Watu wote wa Mahat walikuwa wakimtazama, na wale wa Koricha, na wenye maduka, na madereva wa malori. Alishika bakora kwa mikono miwili.

"Hamse," alisema. "Kadar. Mahat. Keinan. Hirsi. Samatar. Guled."

Akasimama.

"Endelea."

"Guled," Hamse alirudia. Midomo yake ilisogea. Jasho lilimtoka chini ya kofia. Alikuwa mtu wa miaka sitini na minane ambaye hakuwahi kuulizwa, na hasira na aibu vilikuwa vimeziba mahali jina lilipokuwa. Alirudi nyuma akaanza tena, haraka, kama mtoto anayekimbilia kuruka mtaro: Hamse, Kadar, Mahat, Keinan, Hirsi, Samatar, Guled. Akafika pale pale na kukwama.

Ofisa alitazama jiwe.

Rage alikuwa nalo jina hilo. Lilikuwa ulimini, tayari, kama lilivyokuwa miaka thelathini na zaidi, na wakati huo ndipo alipojua kwamba anaweza kulizuia. Aliona lori. Kwa mara ya kwanza maishani Hamse alihitaji kitu ambacho Rage peke yake alikuwa nacho, na utamu wa jambo hilo ulimpanda kifuani mpaka akaogopa. Kumbe ladha yake ndiyo hii, aliwaza. Ndiyo maana hawaachi.

Hakuwa ameamua bado Ikran aliposema, kwa sauti ya kawaida, akimwita ami, "Abtidon, adeer."

Hamse aligeuka. Kisha akashika jina hilo na kumaliza mengine yote mpaka wa kumi na mbili.

Ofisa alimtazama Ikran kupitia miwani. "Kumbe unayajua."

"Nimeyasikia, bwana."

"Jana ulitaka kutuchezea?" Hakungoja jibu. Aliona suluhisho, na alikuwa na watu mia tatu wanangoja. "Mzee, huyu msichana na baba yake ni wenu?"

Hapo Hamse angeweza. Maneno aliyoombwa jana yalikuwa machache, na deni alilokuwa nalo lilikuwa bichi, halijamaliza hata pumzi moja. Alifungua mdomo. Akatazama nyumba kumi na moja zilizosimama kwenye foleni, akazihesabu, Rage alimwona akizihesabu.

"Ni wetu," alisema.

Mhuri ulipiga mara mbili. Ikran alisoma kadi yake: Ikran Rage Kerrow Mahat. Alimtazama Hamse, akangoja, na Hamse akatazama ncha ya bakora yake. Ikran alikuwa amemwonea huruma mzee, na huruma hiyo ikaandikwa kuwa jina lake. Aliweka kadi ndani ya barua ya chuo, akaikunja barua, akabeba sanduku lake la bati kichwani. Lori la mbuzi la Garissa lilikuwa limeshawashwa.

Alipita kando ya foleni, na alipokuwa akipita alianza kuyataja, si kwa kelele, jina moja kwa kila hatua chache, kama mtu anayehesabu vitu vyake kabla ya safari. Koricha. Dida. Halake. Boru. Jilo. Alipofika mwisho alirudia. Maka alikuwa karibu na lori, akampokea sanduku.

"Anayefuata," ofisa aliita. "Jina?"

"Warfa Boru," alisema Warfa, mtu mpole mwenye mbuzi kumi na watano na mke mjamzito.

"Endelea juu."

Warfa alimtazama Rage. Rage alikuwa bado ameshika kadi yake kwa vidole vyote vitano, na hakujua ampe ishara gani.

"Koricha," alisema Warfa.

Ofisa alivua miwani, akaipangusa, akaivaa. Aliiweka fomu chini ya jiwe na kumwita mwingine. Aliyefuata alikuwa Ebla, mjane, mwanamke ambaye Rage hakuwahi kumsikia akisema neno mbele ya watu. Alisogea mezani, akaweka mikono yake miwili juu yake, akataja jina lake, la baba yake, na la babu yake, na la nne lilikuwa Koricha. Lori la Garissa likaondoka. Nyuma ya Ebla watu wa nyumba nane zilizobaki walisogea mbele hatua moja.